Njumu za mitumba Kibuye na fundi wa mwavuli wa buluu: maoni yangu baada ya jozi 31

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayotafuta. Njumu za mtoto za mitumba, saizi 33 hadi 38, soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili asubuhi: shilingi 500 hadi 900 ukijua kuongea, 1,200 ukifika umevaa nguo za kanisani. Kushonwa kuzunguka soli, jozi nzima, ni 200. Gundi peke yake ni 100, lakini gundi peke yake usiikubali, nitaeleza kwa nini. Kwa hiyo kwa kama 900 hivi mtoto anaingia uwanjani na kiatu kitakachomaliza msimu, na mara nyingi kinamaliza na msimu wa mtoto wa pili.

Nimenunua jozi 31 kwa mama muuzaji yule yule na karibu zote nimezipitisha kwa fundi wa viatu yule yule, tangu mwanzo wa 2023. Hakuna aliyenilipa kuandika haya. Fundi mwenyewe hajui kwamba naandika, na akijua ataongeza bei.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko Kondele, kwenye varanda ya duka la simu, na riziki yangu ni sare za shule, marinda ya harusi na kupunguza suruali za watu waliokonda ghafla. Mpira sikuupenda. Nilikulia Vihiga na kaka watatu waliopasua kila kioo cha nyumba ya mama, nikaolewa Kisumu nikidhani nimemalizana na mambo hayo. Viatu ndivyo vilivyonirudisha.

Kijana wangu alikuwa na miaka 11, anachezea timu ya mtaa hapa Manyatta, ile ya chini ya miaka 13. Msimu wa kwanza alicheza miguu mitupu kama wengi wao, hadi siku mwenzake alipomkanyaga kwa njumu na ukucha wa kidole gumba ukang'oka wote. Nikajikaza. Nikaingia duka moja mjini, jina silitaji, nikanunua njumu mpya za rangi ya chungwa, zinang'aa, shilingi 1,800. Wiki ya tatu soli ya mguu wa kulia ikafunguka mdomo kama ngege aliyetolewa majini. Nilipozirudisha, muuzaji alizigeuzageuza, akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa, akauliza, "Kwani mama, mtoto amekuwa akizichezea mpira?"

Sikumjibu. Nilirudi Kondele, nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikakipasua kile kiatu toka kidole hadi kisigino nione kimetengenezwaje. Hakikuwa na uzi hata mmoja. Juu ni kitambaa kilichopakwa plastiki, chini yake karatasi ngumu, na soli imebandikwa kwa gundi basi. Ni kama mimi nikushonee rinda la harusi kwa gundi ya bahasha, kisha ukija kulalamika nikuulize kama bibi harusi alicheza.

Kocha wetu ni kijana wa bodaboda, hana mshahara wowote wa hiyo timu, na siku akikosa wateja ndiyo siku anafundisha vizuri. Ndiye aliyeniambia, "Mathe, usinunue kipya. Nenda Kibuye Jumapili, mapema." Kwa wasiojua, soko la Kibuye liko wazi wiki nzima lakini Jumapili ndiyo siku yake kubwa, watu wanatoka mpaka Vihiga, Siaya na Nyando, na bidhaa zinamwagika hadi kando ya barabara. Na kwetu Jumapili inafaa kwa sababu nyingine. Nusu ya timu ni watoto wa Waadventista. Jumamosi ni Sabato, mpira hawaugusi, kwa hiyo mechi zetu ziko Jumapili saa tisa alasiri. Maana yake ukiwahi sokoni unaweza kununua kiatu saa mbili, kikashonwa saa nne, kikachezewa saa tisa. Mchungaji wangu wa kanisa la Friends anajua niko wapi saa hizo na ameshaacha kuuliza.

Mama wa njumu humkosi. Viatu vyake havipangi chini kama wengine. Anavining'iniza kwa kamba zake kwenye fito, safu juu ya safu, ukisimama kwa mbali ni kama popo wa rangi rangi. Amejifunga leso ya kijani ya Gor Mahia hata siku ambazo Gor haichezi. Akifungua beli jipya, vile vizuri vya kwanza, vile tunavyoita kamera, anaviweka nyuma ya mgongo wake na kuvitolea wateja anaowajua. Vinavyobaki mwisho wa siku ni fagia, unaweza kupata jozi kwa 200, lakini fagia ya njumu ni kama fagia ya omena: kuna sababu imebaki. Ilinichukua miezi minne kuanza kutolewa viatu vya nyuma ya mgongo. Kilichonipandisha cheo si pesa, ni kwamba nilimrekebishia mkanda wa sketi pale pale kwa sindano niliyokuwa nayo kwenye pochi.

Jozi ya kwanza niliyonunua kwake ilikuwa kosa langu, si lake. Nilichagua zinazofanana na za televisheni: meno sita ya chuma, manne mbele, mawili nyuma. Kijana alifurahi wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuchechemea, anashika kisigino. Kliniki walinieleza kwamba kwa watoto wa umri huo mfupa wa kisigino bado unakua na ile kano nene ya nyuma ya mguu inauvuta. Ukiongeza kiatu kinachosukuma hapo hapo kwenye ardhi ngumu, maumivu yanakuja. Apumzike, abadilishe viatu. Na ardhi yetu mnaijua. Udongo mweusi wa Kisumu mwezi wa Januari umepasuka nyufa za kuingiza mkono, mgumu kama saruji. Mwezi wa Aprili ni uji. Meno marefu ya chuma yameundwa kwa uwanja wenye nyasi laini uliolowa mvua. Hapa kwetu wakati wa kiangazi hayazami popote, mtoto anasimama juu ya misumari sita.

Tangu hapo nimejifunza kusoma herufi. Njumu nyingi za mitumba zimeandikwa chini ya soli, au kwenye kisanduku kidogo cha ulimi, herufi mbili. SG ndizo hizo za uwanja laini. Ziache, hata ukipewa kwa 300. FG ni za uwanja wa nyasi za kawaida, meno ya plastiki yaliyoshikana na soli. Hizi nanunua kwa msimu wa mvua, nikichagua yenye meno ya duara na mafupi badala ya yale bapa. AG zina meno mengi mafupi, zilitengenezwa kwa nyasi bandia, lakini kwenye uwanja wa shule uliokauka zinafanya kazi nzuri sana. Na TF, zile zenye vijipele vingi vya mpira chini, watoto hawazitaki kwa sababu zinaonekana kama viatu vya mwalimu wa michezo. Ukiniuliza mimi, kiangazi chote mtoto avae TF. Nimegombana na kijana wangu juu ya hili mpaka kocha mwenyewe alipozivaa ndipo zikawa za kisasa.

Jaribio la pili ni la kukunja. Shika kidole na kisigino, kunja. Kiatu kilicho kizima kinakunjika mbele, pale vidole vyako vinapokunjikia ukitembea. Kikikunjika katikati ya unyayo, bamba la soli limevunjika ndani hata kama nje hakuna alama, na hakuna fundi wa kukuokoa. Halafu bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Nilidharau hili mara moja. Kulikuwa na jozi nzuri ajabu, nyeupe, hazijavaliwa hata siku moja, za 800. Kumbe zilikaa ghala fulani miaka na miaka, na povu la plastiki la soli za namna ile linaoza lenyewe kwa unyevu hata bila kuguswa. Kipindi cha kwanza hakijaisha mtoto ameacha vipande vyeupe uwanjani kama mtu aliyekuwa akila keki. Mama wa njumu alinirudishia 500. Hakulazimika.

Saizi nazo zina vituko. Saizi za Uingereza kwa watoto zinapanda hadi 13 kisha zinaanza tena 1, kwa hiyo ukiambiwa "hii ni namba 2" uliza ni mbili ya mtoto mchanga au ya kijana. Mimi siangalii hizo. Natafuta namba ya sentimita, ambayo viatu vingi vinayo kwenye ule ulimi, na nabeba kijiti nilichokata sawa na unyayo wa mtoto. Naacha upana wa kidole kimoja mbele. Wazazi wenzangu, msinunue ya kukulia saizi tatu mbele na kujaza gazeti. Mtoto anarudi na malengelenge, na uwanjani anakimbia kama bata. Halafu angalia miguu yote miwili! Beli likimwagwa viatu vinapotezana, na mama akiwa na haraka anaozesha 37 ya kushoto na 38 ya kulia zinazofanana rangi. Ndoa hizo nimezikuta mara tatu.

Sasa fundi.

Mwavuli wake ni mkubwa, wa buluu, una tangazo lililofifia hata halisomeki. Amekaa kwenye kigoda kilichofungwa kamba za tairi, mbele yake chuma cha kugongea, kopo la gundi, misumari ndani ya kifuniko cha siagi, na redio. Makamo ya baba yangu mdogo, na hivyo ndivyo ninavyomwita, baba, ingawa yeye ananiita nyar Maragoli, binti wa Maragoli, na anajua nimetoka kwa mashabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards. Kila Jumapili lazima nihadithiwe 1987, Gor Mahia ilivyokwenda Tunis ikatoka mbili kwa mbili na Espérance, ikarudi Nairobi ikatoka moja kwa moja, ikachukua Kombe la Washindi Afrika kwa mabao ya ugenini. Nikisema AFC Leopards nao wana historia yao, bei inapanda kwa shilingi 20. Anaiita kodi ya Ingwe. Nimeilipa zaidi ya mara kumi.

Nimeona mafundi wa viatu wengi, na wengi wanafanya hivi: wanafinya gundi kwenye ufa, wanagonga nyundo mara mbili, wanakupa kiatu. Huyu anaanza kwa kuharibu. Hata kama soli imeachia inchi mbili tu, anaivuta mpaka pale inaposhika kweli. Mara ya kwanza nilipiga kelele, nikidhani ananifungulia kiatu ili bei ifunguke nayo. Kisha anakwaruza pande zote mbili kwa kipande cha msumeno mpaka gundi ya zamani itoke kama gamba la kidonda, anapangusa kwa kitambaa chenye petroli, anapaka gundi mpya juu na chini. Halafu hafanyi kitu. Anaviweka viatu kando, anaongeza sauti ya redio. Mteja mgeni hapo ndipo anapokasirika. Lakini gundi ile haishiki ikiwa mbichi. Inangojwa mpaka ukiigusa isikufuate kidole, ndipo unakutanisha pande mbili mara moja, bila kurudia. Wenzake wanaoruka hizo dakika kumi ndio waliokuwa wakinirudisha sokoni kila wiki.

Baada ya gundi ndipo kazi niliyoipenda inaanza. Anachora mfereji mwembamba kwa ncha ya kisu kuzunguka ukingo wa soli, ili uzi uzame usisugue ardhi. Sindano yake ina mpini wa mti uliong'aa kwa jasho na ncha yenye ndoano. Anatoboa kutoka nje, mkono wa kushoto uko ndani ya kiatu umeshika uzi. Ndoano inaunasa, inautoa nje ukiwa kitanzi, anapitisha uzi wa pili ndani ya kitanzi kile, anavuta nyuzi zote mbili mpaka zikutane katikati ya unene. Nilisimama pale mdomo wazi. Hiyo ni cherehani! Uzi wa juu na uzi wa bobini, vinashikana katikati ya kitambaa. Tofauti ni kwamba hapa mashine ni yeye. Nilipofika nyumbani nilikata mshono mmoja kwa makusudi na kuuvuta. Jirani zake hawakutikisika. Mshono wa mnyororo, ule wa magunia ya unga, ungefumuka wote kwa mvuto mmoja.

Nilimhesabia. Mishono mitano kwa inchi kwenye vidole, minne pembeni. Nilimuuliza mbona asisogeze karibu zaidi pale mbele panapogonga mpira, akanijibu kwa swali: "Wewe ukishona ngozi, unatoboa ngapi?" Nikacheka. Jibu ninalo, ngozi ukiitoboa karibu karibu inachanika kwa mstari, kama stempu. Uzi wake ni wa nailoni, anaupitisha kwenye kipande cha nta kabla ya kuanza, na nta ile ndiyo inayozuia maji kufuata tundu. Huyu mtu hajasomea popote, aliniambia alianza kwa kukaa karibu na mjomba wake akimshikia viatu.

Na anakataa kazi. Nilimpelekea jozi ya beki wetu wa kati, bamba limepasuka chini ya meno, mtoto analia. Aliitazama, akairudisha. "Hii nikishona ni kuiba pesa yako, nyar Maragoli." Meno yale mazima akayang'oa kwa ruhusa yangu, akayaweka kwenye kopo, na mwezi uliofuata nikayaona chini ya kiatu cha mtu mwingine.

Lakini msidhani ni malaika. Neno "kesho" kwake halina uhusiano na kalenda. Ukimwachia kiatu ukaondoka, hesabu wiki. Ukikaa pale kwenye kigoda cha pili ukamtazama, ni saa moja na nusu. Mvua ikinyesha anafunga mwavuli badala ya kuufungua, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Risiti hana. Uzi anao wa rangi mbili, na ukiisha mweusi atakushonea njumu nyeusi kwa uzi mweupe bila kukuuliza. Timu yetu inajulikana kwa hilo sasa. Mwaka jana alinipa jozi ya timu ya Nyalenda na yetu akawapa wao, tukagundua siku ya mechi, bahati nzuri tulikuwa tunacheza nao. Na ukilipa kwa M-Pesa atakwambia, bila aibu, utume na ya kutolea. Kama ni nyota, mama wa njumu nampa nne, fundi nne na nusu, hiyo nusu iliyobaki imekwenda na kalenda.

Vilinda ugoko msinunue pale. Vya mitumba plastiki yake imekauka na inapasuka vipande vyenye makali. Sheria ya mpira inavitaka, na inataka vifunikwe na soksi, na refa wa mashindano ya mitaa siku hizi anakagua. Mimi nashona mifuko ya kitambaa kinene, naingiza kipande cha plastiki ya mtungi wa mafuta kilichokatwa na kupashwa moto kidogo kipate mkunjo wa mguu, na sponji nyuma. Refa hajakataa bado. Wasichana wajue pia hereni na shanga zote zinatoka. Kubandika tepu juu hakukubaliki.

Kuhusu wasichana. Mwaka 2024 Junior Starlets, wale wa chini ya miaka 17, walipofika Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya wanaume au wanawake, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Kabla ya hapo mazoezini tulikuwa na wasichana wanne wanaochanganyika na wavulana. Mwisho wa mwaka nilihesabu 13. Wote hawana viatu, na karibu wote wanavaa 35 au 36. Njumu mpya za saizi hizo madukani ama hazipo au ni zile za karatasi. Mitumba ndiko ziliko, kwa sababu huko zinakotoka watoto wanakua haraka na kuzitupa zikiwa na mwaka mmoja.

Hapo ndipo gunia lilipoanza. Kijana wangu alipozidi 38 nilikuwa na jozi tatu nzima zisizo na mguu. Nikazitia kwenye gunia la unga wa ngano, nikapeleka mazoezini. Wazazi wawili wakaongeza. Sasa lina jozi 19, na mimi ndiye ninayelilinda, na daftari: nani amechukua, saizi gani, lini. Mzazi akiweza anachanga 50 kwa wiki, na hiyo ndiyo inayolipa fundi. Asiyeweza, mtoto wake anavaa vile vile. Mguu ukikua kiatu kinarudi gunia, kimefuliwa. Hivyo ndivyo mtu asiyejua kuotea ni nini alivyopewa cheo cha meneja wa vifaa. Kuna jozi moja ya kijani iliyokwisha pita kwa watoto wanne, soli imeshonwa mara mbili, na bado inaombwa kwa sababu aliyeivaa mwanzo alifunga mabao saba.

Kukausha, jamani. Msimu wa mvua wa kwanza niliweka jozi nne kando ya jiko usiku ili zikauke kufikia asubuhi. Gundi ya fundi ikalainika, soli zikajikunja kama chapati. Hakuna wa kulaumu. Toa soli ya ndani, jaza gazeti, badilisha gazeti kabla ya kulala, weka penye upepo. Fundi alizitazama zile nne, akanitazama, na hakusema chochote, akapandisha kodi ya Ingwe hadi 50.

Wakati mzuri wa kununua ni Januari na Februari, kabla ya michezo ya shule kupamba moto. Wakati mbaya ni baada ya mashindano makubwa kwenye televisheni. Agosti 2025, wakati wa CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, hata baada ya timu yetu ya taifa, Harambee Stars, kutolewa na Madagaska kwa penalti pale Kasarani, bei ya mama ilipanda kwa 200 na haikushuka mpaka Oktoba. Nilimlaumu. Akaniambia nimlaumu yule aliyekosa penalti.

Jumapili iliyopita nilikwenda na msichana mmoja mgeni, miaka 12, anacheza beki wa kushoto na ana hasira nzuri. 36 zote za gunia zilikuwa zimechukuliwa. Mama alikuwa na jozi moja tu ya saizi hiyo, AG, za zambarau, kidole cha kulia kimefunguka. Alianza 700, tukaishia 450 na ahadi ya kumpindia leso yake. Fundi alikuwa na uzi mweupe peke yake. Nikataka kukataa, msichana akasema anautaka mweupe, aonekane kutoka mbali. Tuliketi pale kuanzia saa tano, tukapita Tunis, tukapita Kasarani, gundi ikangojwa, redio ikaisha betri, akaanza kushona saa saba na nusu huku watu watatu wakimkatiza kwa kandambili zao. Alimaliza saa nane na dakika 40. Tulipanda boda, viatu mkononi, bado vinanuka petroli.

Tulifungwa mbili kwa moja. Baada ya mechi nilimvua viatu nikahesabu mishono. Yote ipo isipokuwa mmoja, karibu na kidole kidogo, na huo naurudisha kwake Jumapili hii, nikiwa na uzi mweusi wangu mwenyewe kwenye pochi.